Panya wa Ghorofani kwa Mama

Kwan Yiu-sam alikuwa na mikono ambayo hata mama yake aliiogopa. Ilinuka dawa, na kila alipokwenda nyumbani kula wali alitengewa bakuli lake peke yake. Hakukasirika. Kazi ya maabara ya serikali pale Hong Kong aliiona ni mali yake, na ukimuuliza angekwambia kwamba daktari Mwingereza alikuwa na cheo tu. Shughuli aliziendesha yeye.

Hakuwa mwongo sana. Vyombo vya kioo vilipofika kutoka Ulaya nusu vimevunjika, ni yeye aliyezunguka maduka ya dawa akitafuta chupa tupu, akazichemsha hadi zikang'aa. Ute mgumu wa kuoteshea vijidudu ulipokwisha, alikwenda kwa wauza samaki wakavu, akarudi na gunia la mwani wa Kijapani, akaupika kwa mchuzi wa nyama. Vijidudu vya tauni vikastawi humo kuliko katika ule wa Ulaya. Dokta Penfold, yule Mwingereza, aliandika barua ndefu kwa wakubwa zake kuhusu mwani huo, na jina la Yiu-sam likasahaulika, kama kawaida yao.

Kila asubuhi waliletewa panya waliokufa. Aliyeokotwa barabarani alikuja hivi hivi. Aliyeokotwa ndani ya nyumba alifungwa mguuni kadi yenye mtaa na namba. Yiu-sam aliwapasua, akapaka damu kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini. Akiona tauni, hupeleka namba ya nyumba, na kabla ya adhuhuri watu wa usafi wameshaingia na chokaa na ndoo za dawa. Hutoa kila kitu nje, na mbao wasizoziamini huzipasua na kuzichoma.

Jumatano moja, kadi ilikuwa na namba ya mama yake.

Alitazama kwa hadubini mara tatu. Hapakuwa na shaka. Na wazo la kwanza lililomjia, aibu iliyoje, halikuwa la mama wala la Sau-ngan, dada yake mdogo aliyeishi na mama pale ghorofani akidarizi viatu. Lilikuwa la jeneza. Mama alikuwa amekwisha kujinunulia jeneza, kama afanyavyo mzee anayejiheshimu: la mbao nzito, limekaa nyuma ya chumba miaka mitano, kila mwaka likipakwa rangi upya. Ndilo lililompa usingizi. Mwaka uliopita watu wa usafi walilipasua la jirani yao kwa shoka, na yule bibi alilia hadi akaacha kula.

Yiu-sam akaikata kadi, akaitupa motoni, akaandika daftarini: barabarani.

Alijua hatari yake kuliko mtu yeyote mjini. Alipanga aende jioni ileile na dawa, azibe matundu, asugue sakafu mwenyewe kimyakimya. Lakini mchana huo likafika kutoka bandarini kabati jipya la joto la kukuzia vijidudu, lile walilolingoja miezi minane. Angeweza kuomba ruhusa ya saa mbili. Hakuomba, kwa kuwa hakutaka mkono mwingine uliguse. Siku hiyo na mbili zilizofuata alipima joto kila saa, akipunguza na kuongeza moto wa gesi, mpaka kabati likatulia. Akajiambia Jumapili haiko mbali.

Jumamosi yakaletwa kutoka hospitali maji yaliyofyonzwa kwenye uvimbe wa mgonjwa, na karatasi yenye jina: Kwan Sau-ngan, miaka kumi na tisa. Aliyapaka kwenye kioo yeye mwenyewe, na mikono yake haikutetemeka. Kwa hilo alijichukia hadi uzeeni. Jumatatu Sau-ngan akafa, akazikwa na serikali katika makaburi ya tauni, chini ya chokaa.

Penfold alikuja na daftari, akauliza kama nyumba ile ilikuwa imewahi kutoa panya mgonjwa. Yiu-sam alijibu kwamba yote yamo daftarini.

"Basi hakuna," daktari akasema. "Na daftari lako ndilo pekee ninaloliamini katika mji huu."

Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo, akauliza kama aagize vioo vingine.

Watu wa usafi walikwenda kwa mama hatimaye. Jeneza hawakulipasua. Walilifuta kwa dawa, wakalirudisha mahali pake.

Mwezi ulipokwisha, mama na mwana walikuwa wanakula. Mama akaweka vijiti chini.

"A-Sam, wewe si ndiye unayewaona panya wote?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wa kwetu je? Dada yako alimfunga kadi mwenyewe, akamshusha kwa mwokotaji. Nilimkataza, nilihofia jeneza langu. Akanicheka. Akasema, 'Mama, huyu anakwenda kwa kaka. Kaka akimwona atajua la kufanya.'"

Yiu-sam akajipakulia wali tena.

"Sikumwona, Mama. Huenda kadi ilidondoka njiani."

Mama alifikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Basi hakuifunga sawasawa, mtoto yule. Siku zote alikuwa na haraka."

Yiu-sam aliinamia bakuli lake, akamwacha dada yake alibebe kosa hilo.