Nilivyomfuta Mama wa Watu Kwenye Kompyuta

Nichekeni, ila taratibu, maana bado naona aibu. Chama chetu cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara kilinipa kazi ya kutunza kanzidata ya wanachama. Nilipoona Anna Likweta ameandikwa mara mbili, nikajiona mjanja, nikamfuta mmoja.

Siku ya kugawa mbegu walifika akina mama wawili, mmoja kutoka Idete, mwingine kutoka Michenga.

“Shikamooni. Anna Likweta ni nani?”

“Marahaba. Ni mimi,” wakajibu wote.

Nikatazama kompyuta: amebaki wa Idete tu. Nikakiri mbele ya watu kwamba wa Michenga nilimfuta.

Bosi wangu akamrudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. “Majina hufanana, mwanangu. Kila mwanachama mpe namba yake peke yake.”

Mama wa Michenga akanitazama. “Kwa hiyo nimefufuka?”

“Umefufuka, mama,” nikasema, nikamwandikia namba yake.