Sweta Ambalo Halikutakiwa Kuisha

Niliwahi kuamini, kwa akili zangu zote na cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa ukutani, kwamba mtu anayefumiwa sweta hafi mpaka sweta liishe. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba nikiamka kesho milima ya Uluguru nitaikuta palepale.

Aliyeniambia ni mama mmoja muuza vitumbua tuliyekaa naye dawati moja shule ya jioni, mwanamke mpana kiasi kwamba dawati la watu watatu lilikuwa lake, mimi nilikuwa mgeni tu wa pembeni. Alisema bibi yake mzaa mama alikuwa mgonjwa wa kukata roho wakati mjukuu mmoja mvivu alipoanza kumfumia shali. Kwa uvivu wa yule binti, bibi akaishi miaka kumi na moja mingine.

"Hali, hanywi," alisema, "anauliza tu, 'Shali imefika wapi?' Siku uzi wa mwisho ulipokatwa, bibi akasema ahsante, akajifunika, akaenda zake."

Darasa zima lilicheka. Mimi niliandika pembeni mwa daftari.

Msomaji atauliza, mwanamume mzima na ndevu zake alitafuta nini kwenye darasa la kufuma. Nilirudi shule nikiwa na miaka thelathini na sita, na pamoja na Kiswahili na hesabu kila mmoja alitakiwa kuchagua kazi ya mikono. Useremala ulikuwa umejaa. Wanaume wote wa Mwembesongo walijipanga pale utadhani zinagawiwa mbao za dhahabu. Kikabaki kitu kimoja, ushonaji na ufumaji: wanawake kumi na tisa na mimi. Mwalimu alinitazama akasema, "Karibu, baba, hapa hatung'ati." Alidanganya, walining'ata kwa maneno mwaka mzima. Lakini nilipohitimu ningeweza kumshonea tembo suruali ya mifuko minne, ikamkaa, akaenda nayo arusini.

Mchana nilikuwa, na bado ni, mpima mahindi kwenye mashine ya kusaga. Umeme ulipokatika, na kwetu umeme hukatika kama mtu anayepiga chafya, wenzangu walilala juu ya magunia, mimi nikatoa sindano zangu mbili na donge la uzi. Mwendesha mashine hakunipumzisha.

"Bi harusi! Mtoto anazaliwa lini?"

"Akizaliwa nitampa jina lako, ili awe mvivu."

"Mwangalieni, kaka yetu anafuma huku kapakwa unga, utadhani anaenda unyagoni!"

Nilicheka nao. Wakati huo kucheka kulikuwa rahisi.

Mwishoni mwa mwaka mama yangu alishuka mjini kutoka kijijini kwetu juu mlimani, alikokuwa akiishi na dada yangu mkubwa. Miguu ilikuwa imemvimba, na hatua tatu zilimmaliza pumzi. Daktari alisema moyo wake umepanuka na umechoka. Dawa zingemsaidia kuhema, zisingeurudisha moyo ulivyokuwa. Nikauliza tunaye kwa muda gani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkae naye vizuri," alisema.

Nilimwomba mama akae kwangu, karibu na hospitali. Alikaa siku nne. Joto la mji lilimshinda, na mbu, na redio ya jirani. "Huku hata maji ya kunywa yana homa," alisema, akapanda pikapu ya mboga iliyokuwa inarudi juu tupu, akaketi mbele kwa dereva, mfuko wa dawa mapajani. Kabla haijaondoka alinishika mkono dirishani.

"Huo ufundi wako wa jioni, utanifumia sweta? Kule asubuhi inaniuma mifupa. Rangi isiyoonyesha moshi."

Nikasema ndiyo, mama. Pikapu haijapita hata kona ya kwanza, yale maneno ya muuza vitumbua yakanirudia. Nilisimama barabarani nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota pochi. Dawa ya moyo ilikuwa mikononi mwangu, na hapakuhitajika daktari. Ilihitajika nisimalize tu.

Siku ile ile nilifungua daftari kubwa na kupanga mwaka mzima wa sindano. Januari, mapazia ya sebuleni. Februari, foronya za makochi. Machi, sketi za shule za mabinti wa dada. Aprili, mvua nyingi, wateja wachache, kwa hiyo kofia na soksi za kuuza. Niliendelea hivyo hadi Desemba, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu angeulilia. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: *Sweta la mama. Kuanza: Januari. Kuisha:* nikaacha wazi.

Nilinunua uzi wa kahawia, nikaanza. Nilifuma mgongo kwa mwezi mmoja, na ulipendeza hadi nikaogopa. Nikaufumua nusu. Machi nilifuma kifua, nikakifumua. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi kama nywele zilizotolewa kwenye misuko, na ukirudiwa sana hupoteza nguvu na kuota manyoya. Mwendesha mashine alinitazama siku nyingi, mwisho akashindwa.

"Hivi, kaka, wewe unafuma au unafumua?"

"Vyote viwili."

"Basi hata mimi najenga ghorofa."

Nilipanda kumwona mama kila nilipopata ruhusa ya siku mbili. Gari lilifika mahali fulani tu, halafu ni miguu, na njia ile ni ya kusimama wima. Ukidondosha kiatu unakikuta Mikese, kule chini bondeni. Pasaka nilimkuta ameketi nje kwenye mkeka, anamenya njegere taratibu. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akatazama mfuko wangu kabla ya uso wangu.

"Limekuja?"

"Bado mikono, mama."

"Mikono gani hiyo haiishi? Ya serikali?"

Dada alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi nilicheka kuliko wote, maana alikuwa hai, anatania, na daktari alikuwa amevua miwani miezi mingi iliyopita. Kwangu kila mwezi uliopita ulikuwa ushahidi. Niliuhesabu kama mvuvi wa samaki mmoja anavyomhesabu yule yule mara tano.

Julai baridi ilishuka. Mjini tulisema "leo kuna kaubaridi" tukavaa shati la mikono mirefu, lakini kule juu ukungu uliingia ndani bila kubisha hodi, ukaketi na watu. Nilimkuta mama jikoni, karibu sana na mafiga, amejifunga khanga mbili na blanketi, na mabegani dada alikuwa amemwekea gunia safi la sukari. Vidole vyake vilikuwa vya buluu kwenye kucha. Hakuuliza sweta. Nilifurahi kwamba hakuuliza.

Dada alinifuata nje.

"Umelileta?"

"Bado kidogo, dada."

"Lilete hivyo hivyo. Hata kama halina mikono. Atalivaa chini ya khanga."

"Kazi ya fundi haitoki nusu."

"Fundi!" Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Mwenzio anatetemeka, wewe unaniletea habari za ufundi?"

Nilitaka kumweleza. Lakini muuza vitumbua alikuwa amesema mgonjwa asijue siri ya uzi, wala wa nyumbani mwake, ndiyo maana bibi yake alidumu. Nikampa dada foronya sita nilizomaliza Februari, zenye maua ya kona, akazipokea bila kuzitazama. Wakati naondoka, mama aliinua mkono mmoja kutoka kwenye blanketi, akaurudisha haraka ndani.

Agosti nilifanya kosa. Mteja mmoja, mwanamke aliyeleta debe la mahindi, aliona kazi yangu juu ya mzani akasema, "Mbona shingo inaning'inia, baba? Vitanzi vitakutoka." Majivuno yakanipanda. Mbele ya macho yake nikafunga shingo, kitanzi juu ya kitanzi, mviringo safi ambao hata yule mwalimu wangu asingeupata. Mteja akasifu. Nikajiambia haina neno, ni mgongo na kifua tu vilivyoungana, mikono yote miwili haijaanza, bado tuko mbali.

Siku ya nane tangu nifunge ile shingo, dada alipiga simu, mchana, foleni ya wateja ikiwa hadi mlangoni. Alisema mama alikunywa uji, akasema atajinyoosha kidogo, na dada aliporudi kutoka kuanua nguo alikuwa ameshaenda. Nilisikia vizuri kila neno. Kisha nikampimia mteja aliyefuata kilo zake, sawasawa, hata gramu haikupungua.

Mjomba alisimamia mazishi. Watu walikuwa wengi, na mimi nilichimba, nilibeba, nilikaribisha wageni, na kila aliyenipa pole nilimpokea kama mwizi anayepewa maji. Maana nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani, kwenye kila hatua ya kile kilima. Sweta lisilo na mikono nalo ni sweta. Wanafunzi wanayavaa, walimu wanayavaa, dukani yananing'inizwa na kuuzwa. Nilipofunga shingo, lile la mama lilikuwa limeisha, na mimi, mhitimu, sikulitambua.

Nikilitazama daftari lile sasa, kila mstari wa mwaka ule una alama ya vema. Mapazia, foronya, sketi, soksi, hadi kofia za Desemba ambazo nilizifuma kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Sijawahi kuwa na mwaka wenye mafanikio kama ule, na sijapanga mwingine.

Siku ya tatu baada ya maziko, dada aliniita chumbani kwa mama tuzikunje nguo zake kabla wanawake wa ukoo hawajaja kugawana. Hazikuwa nyingi. Khanga, magauni mawili ya kanisani, lile blanketi. Mfuko wangu ulikuwa mlangoni.

"Humo mna nini?"

"Sweta."

Alilitoa. Alilishika mabegani, akalipima hewani mbele yake, mahali ambapo mtu angekuwa. Lingemtosha kabisa.

"Kumbe lilikuwepo," alisema.

"Dada, mimi ndiye niliyemuua mama."

Akalishusha. "Unasema nini wewe?"

Nikamwambia yote: shali ya yule bibi, miaka kumi na moja, wino mwekundu, nilivyofuma na kufumua, shingo niliyoifunga mbele ya mteja, na siku nane. Nilimwambia nilikuwa nikimshikilia mama kwa uzi, na kwamba nimeukata kwa kiburi changu mwenyewe. Nilizungumza haraka, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza chumvi hata punje.

Dada alikaa kitandani, sweta mapajani. Akaanza kuchambua punje za unga zilizokuwa zimenasa kwenye nyuzi. Nilingoja anitukane. Nadhani nilitaka anitukane.

"Mdogo wangu, nisikilize," alisema. "Mama alikufa kwa moyo. Hukumuua, na hukumzuia hata siku moja. Alikuwa anasikia baridi tu."