Msiba Uliokosa Watani

Mwalimu Wilbert wa Temeke alikuwa mtu wa kujihangaisha, na wanaomkumbuka watakwambia hivyo kabla hawajakwambia jambo jingine. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mwalimu wa dini wa Kianglikana, aliyeletwa Dar es Salaam miaka ya vita kuwaangalia Wakristo wachache waliotapakaa kati ya mikorosho na nyumba za udongo. Alifundisha ubatizo, akapanda baiskeli kwenda Mwananyamala kumwombea mgonjwa, akarudi kusuluhisha mke na mume kabla hajatia kitu mdomoni. Kazi ya padre aliifanya karibu yote, isipokuwa ile ya altareni, na hiyo ya altareni ndiyo aliyoitaka. Alitaka ushemasi, ngazi ya kwanza ya kufikia altare, wala hakuona haya kusema.

Mara moja aliukaribia. Jina lake lilifika kwa askofu wa zamani, lakini padre mmoja mgeni akapita Temeke siku ya maziko, akakuta watu wanarukaruka na kutukanana kando ya kaburi. Akaenda kusema kwamba mwalimu wa huko anachanganya Ukristo na mambo ya ovyo. Ushemasi ukayeyuka. Wilbert aliumia sana, na tangu hapo kila kelele ya msibani aliiogopa.

Sasa alikuwapo askofu mwingine, Askofu Thornley, Mwingereza mwenye magoti mabovu na Kiswahili cha kunyooka. Kazi yake ilikuwa safari: leo kubariki kanisa, kesho kusikiliza kesi za ndoa, keshokutwa kuwawekea watoto mikono ya kipaimara. Kila alikofika aliimbiwa, akabusiwa pete, akawekewa kiti peke yake na kuku mzima mbele yake, kisha watu wote wakanyamaza mpaka alipomaliza kula. Aliishi hivyo miaka mingi, na watu wakidhani ndivyo anavyopenda.

Alifika Temeke Jumamosi moja mwaka hamsini na moja. Baada ya chai akamwambia Wilbert, "Mwalimu, kesho baada ya ibada tutazungumza habari za ushemasi wako." Wilbert nusura aangushe birika.

Alfajiri ikaja habari kwamba mzee Romani amefariki usingizini. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani na asirudi kwao tena. Askofu alisikitika, akasema alasiri atamzika mwenyewe. Hapo ndipo Wilbert alipoingiwa na baridi, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Temeke yote ile ilikuwa ya Wazaramo. Mtani msibani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo. Atamwita marehemu mchoyo, atavaa koti lake, atagoma maiti isizikwe mpaka apewe chake.

Na mkubwa wa watani hao alikuwa Bi Somoe, muuza vitumbua, jirani wa Romani, mwanamke mwenye mdomo wa kumfukuza mbwa. Wilbert alimwendea kabla ya kengele ya kanisa.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, Mwalimu. Nishasikia. Yule Mnyamwezi mlafi kaondoka bila kuniaga, umeona mambo yake?" Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekuja na ombi. Leo anayezika ni askofu. Naomba utani usiwepo, kwa leo tu."

Bi Somoe akaacha kukoroga unga. "Usiwepo? Romani azikwe kimya kama mwizi?"

"Yule Mzungu hatatuelewa. Ataona tunamdhihaki maiti."

Mama yule akaufunika unga wake. "Haya. Basi sie hatuji, Mwalimu."

Wilbert akashukuru mara mbili, akaenda zake mwepesi kabisa. Ibada ilikwenda vizuri, watoto hawakukosea hata jibu moja. Ushemasi aliuona uko mlangoni, bado kukaribishwa ndani tu.

Alasiri wakaenda msibani, askofu akiwa na kofia yake ya kiaskofu na fimbo ya kichungaji mkononi. Wakakuta ukimya. Hapakuwa na moto, kuni wala mtungi wa maji. Wakristo walisimama wametazamana, na nyuma ya nyumba, mahali pa kaburi, ardhi ilikuwa haijaguswa hata kwa kijiti.

Mtu mzima na akili zake, Wilbert alikuwa amesahau jambo ambalo kila mtu wa pale alilijua. Wafiwa hulia, watani ndio huchimba kaburi, hupasua kuni, hupika. Hakuna Mkristo aliyekuja na jembe kwa sababu hakuna aliyedhani kazi hiyo ni yake. Ukimfukuza mtani na matusi yake, umefukuza na jembe lake.

Mjane wa Romani, mama Genoveva, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wachache. Alipomwona Wilbert akamshika kanzu. "Mwalimu, mume wangu kamkosea nani mpaka watani wamsuse? Miaka yote hii, kumbe alikuwa hana mtu?"

Wilbert alitamani ardhi immeze.

"Kaburi liko wapi?" aliuliza askofu.

Angeweza kusema wachimbaji wamechelewa. Uongo wenyewe ulikuwa tayari ulimini. Lakini mama Genoveva alikuwa bado ameishika kanzu yake.

"Hakuna kaburi, Baba Askofu. Wachimbaji niliwazuia mimi." Akaeleza yote: utani, vitumbua, ombi lake la asubuhi.

"Uliwazuia kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Na kwa ajili ya ushemasi wangu."

Uso wa askofu ukaiva. "Basi kawaite," alisema.

Wilbert alikimbia. Aliwakuta watani wote barazani kwa Bi Somoe, wamenuna, majembe yameegemezwa ukutani. Walikuwa wamejiandaa tangu asubuhi na hawakuwa na pa kwenda. Akapiga magoti uani, mbele ya watu, akaomba radhi. Bi Somoe aliinuka, akachota majivu jikoni, akampaka usoni, kichwani na kifuani mpaka kanzu nyeupe ikawa haitamaniki.

"Haya, Mbondei. Hiyo ndiyo faini yako. Twendeni, mwenzetu anangoja!"

Msiba ukapata uhai. Vijana walichimba huku wakilalamika kwamba Romani kala vitumbua vingi, kaburi la kawaida halimtoshi. Bi Somoe akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, tumbo mbele na mikono nyuma, na mama Genoveva akacheka bila kutaka, kisha ndipo akalia kile kilio kilichokuwa kimemkwama tangu alfajiri.

Jeneza lilipoletwa, Bi Somoe akamrukia askofu, akampokonya fimbo, akaketi nayo ukingoni mwa kaburi. "Hazikwi mtu hapa! Mzungu, ikomboe fimbo yako!"

Wilbert akafumba macho, akauaga ushemasi.

"Mama," ilisema sauti ya askofu, polepole, "fimbo hiyo ni ya kuchungia kondoo. Wewe ni mbuzi. Utaiwezea wapi?"

Vicheko vikalipuka hata kwa waliobeba jeneza. "Lo! Kumbe ana mdomo!" alipiga kelele Bi Somoe, akairudisha fimbo kwa mikono miwili. Romani akazikwa kwa heshima zake zote, za kanisa na za watani.

Jioni walikula wali uliopikwa na watani. Askofu alikikataa kiti, akateremka mkekani kwa taabu na magoti yake. Wilbert, bado na majivu yake, alishindwa kungoja.

"Baba Askofu, ule ushemasi... ukininyima nitaelewa."

"Mwalimu, kila ninapokwenda naambiwa mambo yote ni mazuri. Leo umeniambia hakuna kaburi, na kosa ni lako. Nina haja na shemasi wa namna hiyo. Mwakani nitakuwekea mikono."

Wilbert aliinamisha kichwa, machozi yakamchorea njia kwenye majivu.

Bi Somoe akaja kuondoa sahani, akasimama juu yao. "Na huyu, ndugu zake wako wapi?"

"Ulaya," alijibu askofu. "Waliobaki ni wachache."

"Sasa ukifa huku, nani atakusema msibani?"

Swali hilo askofu hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Basi wewe mtani wetu," alisema Bi Somoe. "Vijana wangu watachimba, na mie nitavaa hiyo kofia yako."

"Asante, mama," alisema askofu. "Ila wachimbe refu. Mimi ni mrefu."

Mwalimu Wilbert akacheka. Alicheka mbele ya askofu, mdomo wazi, bila hofu hata chembe.