"Hata ya bure siibebi": jinsi kijana wetu alivyokosa chuo akiwa Guangzhou

Wakuu, amani iwe kwenu. Wa imani yangu na wa imani nyingine, wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeusoma ule uzi wenu wa namna ya kuwapima vijana wa kikapu wanaotafutwa na vyuo vya Marekani. Mmoja anasema urefu, mwingine video, mwingine takwimu, mwingine anaapa kwa zile nyota wanazopewa mitandaoni. Mmebishana hadi mkatukanana.

Mimi ni mtu mzima, sina ugomvi na yeyote. Ila nina jambo la kuwaeleza, na naliandika nikiwa na udhu, ili asiwepo wa kudhani nimeongeza chumvi.

Naishi Guangzhou, China. Nina ofisi ndogo ya mizigo mtaa wa Sanyuanli. Wenzetu wananunua nguo na viatu kule soko la Zhanxi, mimi nakusanya, nafunga, mzigo unashuka bandari ya Huangpu na kuondoka kwenda nyumbani. Namshukuru Mungu, riziki haijakatika. Nawasomesha pia Kurani watoto wa wenzetu, ndiyo maana wananiita Maalim.

Jumapili jioni tunakwenda kwenye kiwanja cha chuo kimoja, ambako wanafunzi wa Afrika Mashariki wanacheza kikapu. Wafanyabiashara tunakaa kwenye ngazi za saruji, tunatazama na kubishana.

Sasa hapa lazima niwaeleze tabia yetu moja, bila hiyo hamtanielewa.

Zhanxi huwezi kusifu mali. Ukiingia dukani ukapenda kiatu, unakunja uso. Unakigeuza, unabonyeza soli, unasema gundi mbaya, rangi mbaya, mshono umepinda. Laoban, yaani mwenye duka, akikutajia bei unamwambia hata ya bure siibebi, unaanza kuondoka. Anayekiponda kiatu muda mrefu zaidi ndiye anayekitaka kuliko wote. Atakayesema "kizuri" kabla ya kuuliza bei, tunamcheka mwezi mzima.

Tabia hiyo tukaenda nayo hadi uwanjani. Kwenye zile ngazi hasifiwi mchezaji. Anapondwa. Na anayependwa zaidi ndiye anayepondwa zaidi. Wachezaji wenyewe walikuwa wanajua, wanacheka.

Kijana wetu nitamwita Idrisi. Mtu wa Tanga kama mimi, mrefu, mpole, anayesali. Ufadhili wake ulikuwa wa kusoma lugha ya Kichina tu. Ukiisha, visa inaisha, anarudi nyumbani ambako hakuna wa kumsomesha. Kikapu ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kupata digrii.

Aliandikia vyuo vingi. Akajibiwa na kocha msaidizi mmoja wa chuo cha Marekani, Mswahili wa Mombasa aliyehamia huko zamani. Alisema anapita China, atakuja kumtazama Jumapili mojawapo, lakini hatasema ipi. Alitaka kumwona alivyo siku za kawaida.

Idrisi aliniambia mimi peke yangu. Akaniomba nisimwambie mtu, anaogopa macho ya watu. Nikaitunza ile siri kama amana.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mnauliza nani anajua kupima mchezaji. Mimi kipimo changu ni kimoja: mtazame akishapoteza mpira. Wengi wanainua mikono kumlaumu mwamuzi. Idrisi alikuwa anageuka na kukimbia kurudi kuzuia, kila mara, hata timu ikiwa imefungwa vibaya na hakuna anayejali. Hilo halipo kwenye video za kukatwakatwa wala kwenye takwimu zenu.

Turudi.

Jumapili moja alasiri ikaingia, nikaenda kusali. Nilipoondoka akaja mtu mwenye kofia na chupa ya maji, akakaa karibu na Papa Kalonji na Njoro. Papa Kalonji ni Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu. Njoro ni kijana wa Nairobi, anauza simu. Haya yafuatayo walinisimulia wenyewe.

Yule mgeni aliuliza kwa Kiswahili, "Huyo namba tisa mnamwonaje?"

Namba tisa ni Idrisi.

Njoro akaanza. "Buda, huyo? Mkono wa kushoto ni wa kupungia watu tu. Shoti zake ni za kuomba Mungu."

Papa Kalonji akadakia. "Ule mutoto haina mwili. Bamuguse kidogo, anaanguka. Na magoti yake, eh! Magoti ya muzee."

"Na akili ya mchezo?"

"Akili iko," akasema Papa Kalonji, "lakini ameiacha Tanga."

Ngazi nzima ikacheka. Mgeni naye akacheka.

Akauliza swali la mwisho. "Kwa hiyo wewe ungekuwa chuo, ungemchukua?"

Papa Kalonji akakunja uso wake wa Zhanxi. "Mimi? Hata ya bure siibebi."

Mimi nilikutana na yule mgeni getini akitoka. Tukasalimiana. Akaniambia, "Vijana wenu wanajituma." Nikamjibu alhamdulillah, nikapita.

Siku chache baadaye Idrisi alikuja ofisini na simu mkononi. Kocha alikuwa amemwandikia kwa adabu kabisa. Alisema siku moja haimtoshi kumjua mchezaji, kwa hiyo huwa anawauliza wanaomwona kila wiki. Amewauliza. Anamtakia kila la heri.

Idrisi aliniuliza, "Maalim, kumbe ndivyo mnavyoniona?"

Nilimwambia ni utani, unawajua. Akasema, "Nilidhani najua."

Nilimpigia kocha. Nikamweleza yote, Zhanxi, viatu, soli, tabia zetu. Alinisikiliza kwa subira. Kisha akasema, "Mzee wangu, nimewahi kudanganywa na mashabiki sehemu nyingi. Wote wanadanganya kwa kusifu. Sijawahi kuona watu wanaodanganya kwa kumponda mtu wao."

Nafasi ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine.

Nilipomwambia Papa Kalonji, alikaa juu ya marobota akashika kichwa. "Mais Maalim, ule ni mutoto yangu! Ni mimi nilikuwa nasema mbaya kushinda bote, kwa sababu ni mimi namupenda kushinda bote!" Alilia. Akampigia kocha na yeye, akasifu kwa Kiswahili na Kifaransa mpaka simu ikakatwa. Sifa zilikuja wakati hazina mnunuzi.

Idrisi aliandikia vyuo vingine. Hakujibiwa. Visa ikaisha.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi mlango wa metro. Papa Kalonji alimletea viatu vya kikapu, vizuri kuliko vyote alivyowahi kununua. Akamfungulia boksi.

Idrisi alikipokea kimoja. Akakigeuza. Akabonyeza soli kwa kidole gumba.

"Papa," akasema, "soli dhaifu. Hata ya bure siibebi."

Tulisubiri acheke. Hakucheka. Alikirudisha kwenye boksi taratibu, akapeana mikono na sisi sote, mimi akanibusu mkono, akashuka ngazi bila lile boksi. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani. Papa Kalonji naye hajui, na uwanjani haji tena.

Mimi bado naenda. Kuna vijana wapya. Jumapili iliyopita mmoja alifunga vizuri sana, nikamwona Njoro anafungua mdomo kumponda, akaufunga. Hakuponda wala hakusifu. Wala sisi wengine. Nadhani hatujui tena kusema neno jema kwa sauti, tumelisahau.

Namshukuru Mungu kwa kila hali, na nimesomeshwa kusubiri. Lakini kwa hili sioni ninachokisubiri. Idrisi hajibu ujumbe wangu.

Nililojifunza ni dogo. Mpenzi wa kikapu anaweza kupima urefu, mbio na shoti. Lakini siku ukiulizwa juu ya mtu wako, anayepimwa ni ulimi wako, na hujui anayeuliza ni nani.

Karibuni mchangie. Mkitaka kunibishia, bisheni, nitawasoma wote.

Na kama kuna mwana Tanga humu, ukipita kiwanja chochote ukaona kijana mrefu amepoteza mpira na anakimbia kurudi kuzuia, msubiri amalize. Mwambie ni mzuri. Usimuulize chochote kwanza.