Kisanduku cha Kinuthia

Harun Ilyas Huseni, wa Majengo, Nyeri. Babu yake Huseni aliwashonea Wazungu matandiko ya farasi, na hakurudishiwa hata moja kwa kasoro. Baba yake Ilyas, kaka yangu, alikata vioo vya madirisha ya nusu ya mji huu, na vidole viwili vikaenda hukohuko. Harun naye hutengeneza visanduku vya kuchujia maji kwa watu wanaofuga samaki sebuleni. Usicheke. Dukani huwezi kupata cha kutosha tangi lako, na kutoka Murang'a hadi Kagio wanamjua yeye.

Kazi yake ni ya paspeksi, plastiki ngumu inayoonekana kama kioo. Unaikata, unasugua ukingo kwa msasa, kisha unapitisha gundi nyepesi kama maji kwenye kiungo kwa bomba la sindano. Mkono ukitikisika, hewa inabaki ndani na maji yatapita hapo.

Ilyas alimfundisha kwa namna yake. Kila alichounga Harun kilijazwa maji na kuwekwa juu ya godoro lake kutwa nzima. Kikivuja, alilalia majimaji. Alikohoa Julai yote, na hakuna aliyemtetea, hata mimi. Naye akamfanyia vivyo hivyo binti yake, Jannat. Godoro la Jannat halijalowa tangu mwaka juzi.

Mkono wa Harun ukaanza kutetemeka, sindano ikahamia kwa Jannat. Wateja hawakuambiwa.

Mwezi wa tatu Jannat aliunga kisanduku cha Mzee Kinuthia wa Kangema. Hakikuvuja. Harun akakichukua akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti king'ae, kama baba yake alivyopangusa vioo. Nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe, nikamwona. Spiriti haidhuru kioo, lakini paspeksi huipasua polepole.

Baada ya wiki mbili Kinuthia alirudi na vipande mfukoni.

"Fundi, kilipasuka tukiwa kanisani. Pampu imemwaga maji yote kwa zulia. Samaki kumi na mmoja, na paka amekula."

"Ni huyu msichana," Harun akasema. "Nilimwachia kidogo tu."

Kinuthia akamgeukia Jannat. "Ati ni wewe? Kwetu ungepewa kikapu uchume majani chai, na bado ungefukuzwa."

Jannat aliinua kipande kwenye mwanga. Nyufa nyembamba kama nywele zilijaa. "Baba, hii ni spiriti."

"Nyamaza."

"Nataka ingine Ijumaa," Kinuthia akasema. "Utengeneze wewe mwenyewe, Harun. Huyu akiigusa, wote niliokuletea nitawaambia wasirudi hapa."

Alipoondoka nilisema, "Harun, nilikuona na kile kitambaa."

"Ulinyamaza akiwa hapa, shangazi. Endelea kunyamaza."

Singeiaibisha nyumba ya kaka yangu mbele ya mtu wa Kangema.

Harun alijaribu mwenyewe. Cha kwanza kilijaa hewa, cha pili gundi ilimwagika hadi mezani. Paspeksi ikabaki ya kisanduku kimoja. Akainuka, akamsukumia Jannat sindano.

"Kaa hapo, unga. Ikikauka uipeleke Kangema wewe mwenyewe. Mwambie nimetengeneza mimi. Na kabla hujatoka kwake, umwombe msamaha kwa ile ya kwanza."