Msaada Uliolala Croydon

Elieshi, mzaliwa wa Machame, alikuwa mfanyakazi mgeni katika ofisi ya London inayokusanya taarifa za misaada ya serikali ya Uingereza kwa nchi maskini. Alipoona kwenye takwimu kuwa misaada imepanda, alimpigia dada yake, mkunga huko nyumbani: "Dada, wodi yenu ya wazazi itamaliziwa kujengwa!"

Bonface, Mkenya wa meza ya jirani, akacheka. "Wee dadangu, hilo ongezeko ni pesa za hoteli za wakimbizi, hapo Croydon tu. Gharama za mwaka wao wa kwanza hapa zinahesabiwa kama msaada kwa nchi maskini."

"Yaani pesa haijatoka hata London?"

"Ndiyo kanuni."

Simu ikaita.

"Mdogo wangu, fundi nimeshamrudisha! Yuko juu ya ukuta."

"Dada," Elieshi akasema kwa shida, "mwambie ashuke."