Muhuri Uliokimbilia Kabare

Lydie Nsimire alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na mtu wa namna hiyo huitwa mbishi muda mrefu kabla hajaitwa hodari. Mwaka 2003 alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, katibu wa shirika dogo la kanisa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, lililogawa mbegu za maharagwe kwa wakulima wa Mudaka. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja. Ikiharibika, fundi alingojwa wiki mbili kutoka Goma. Akifika huipuliza vumbi, hukaza waya mmoja, kisha huondoka na sifa zote. Mara ya tatu Nsimire alichoka. Alichukua bisibisi, akaifungua mwenyewe huku wenzake wameshika vichwa, na kabla ya chakula cha mchana mashine ikawaka. Fundi wa Goma hakutajwa tena.

Ila Bukavu ni mji wa karatasi. Nsimire alikuwa na diploma ya sekondari tu, na alitaka shahada ya teknolojia ya habari ili siku moja asiwe yule katibu anayejuajua mashine. Kwenda kusoma ng'ambo hakuweza. Babake, Papa Constantin, mwalimu mstaafu, alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, na hakuwa na mtoto mwingine. Ilibaki njia moja, kusoma kwenye mtandao, awe mwanafunzi wa kigeni bila kuvuka hata daraja la Ruzizi, mpaka na Rwanda.

"Chuo gani haina mulango?" aliuliza Papa Constantin. "Mwalimu atajua namna gani kama ni weye njo unaandika?"

"Atanijua kwa kazi yangu, papa."

Mzee aliguna. Miaka arobaini alikuwa amegonga muhuri kwenye vyeti vya watoto wa watu, na kitu kisichogongwa muhuri hakikumwingia akilini.

Venant, mtunza ghala la mbegu, ndiye aliyejitia mshauri. Alikuja na karatasi aliyoichapisha, yenye picha ya jengo refu na wanafunzi wanaocheka kwenye majani mabichi.

"Sha Lydie, angalia hii. Miezi kumi tu. Examen hakuna, diplôme inakufikia na posta!"

"Examen hakuna?"

"Hakuna kabisa!"

"Basi ile haiko chuo, Venant. Iko imprimerie, inachapa tu makaratasi."

Ofisi ilicheka siku mbili. Lakini Nsimire hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa ameshaandika majina ya vyuo saba kwenye daftari, na kila kimoja alikipelekea barua pepe ileile. Aliuliza kama shahada yao inatambuliwa na serikali ya kwao, ili Kinshasa nayo iweze kuikubali. Aliuliza kama mitihani ingemlazimu kusafiri na kuomba viza. Mwisho akauliza swali ambalo, tuseme ukweli, kitabu chochote cha ushauri kisingemfundisha: "Umeme ukikatika wiki tatu, na vita vikija mlangoni kwangu, mwanafunzi wenu anakuwa nani?"

Viwili havikujibu. Kimoja kilimpongeza kwa kukubaliwa, naye hajaomba nafasi. Vitatu vilijibu kila kitu isipokuwa lile swali la mwisho. Cha saba kilikuwa na ukurasa mbaya usio na picha hata moja, lakini mtu mmoja wa ofisi ya wanafunzi, aliyetia sahihi Monique, alimwandikia kwa Kifaransa kilichonyooka na kumnakilia kifungu cha kanuni. Mwanafunzi aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake aeleze sababu ndani ya siku kumi na nne, na nafasi yake itahifadhiwa. Asipoeleza, jina lake linafutwa.

Nsimire alisoma kifungu kile mara tatu. Wengine wangekiona kikali. Yeye alikiona kina adabu, kwa sababu waliokiandika walikuwa wamewahi kufikiri kwamba duniani kuna watu kama yeye. Akakichagua chuo hicho.

Alianza Januari 2004. Kila alfajiri alipita kwenye cyber ya Dany, duka la mtandao pale Nyawera, akahifadhi masomo kwenye disketi, kisha akayasoma ofisini wenzake walipokwenda kula. Mwezi wa nne alipata kumi na sita juu ya ishirini, na Papa Constantin, ambaye bado hakuamini, alikwenda kanisani akamwambia kila aliyemsalimia.

Mwisho wa Mei bunduki zikalia. Askari waliiasi serikali, wakauteka mji, wakaingia nyumba kwa nyumba. Nsimire na babake walilala sakafuni kwenye korido siku nne, disketi zimefichwa ndani ya kopo la unga. Aliogopa sana. Mzee alimshika mkono kama alivyomshika akiwa mtoto. Hata hivyo kila kulipopambazuka alihesabu siku tangu masomo yalipokatika. Siku kumi na nne hazikuwa nyingi.

Siku ya tisa Dany alimpelekea ujumbe. Alikuwa ameokoa kompyuta moja kwa kuificha juu ya dari, na jenereta lilikuwa na mafuta ya saa moja. Nsimire alipita vichochoroni, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaandika kila kitu: mji umetekwa, ofisi zimefungwa, mimi na baba tuko hai. Barua ilikuwa tayari. Kidole kikasimama.

"Tuma, maman Lydie! Carburant inaisha!"

"Bila cachet? Bila muhuri batasema niko mwongo."

"Maman, vita yenyewe iko na cachet?"

Usimcheke. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Tangu kubatizwa hadi kuajiriwa, hakuna ofisi iliyowahi kumwamini kwa maneno yake. Hata kupeleka mbegu Mudaka alibeba barua ya ruhusa yenye muhuri. Basi aliihifadhi barua ile bila kuituma, akatoka kutafuta hati ya chef, mkuu wa mtaa, kwamba kweli kulikuwa na vita.

Chef mwenyewe, Papa Philémon, alikuwa amekimbilia kwa shemeji zake kwenye vilima vya Kabare, na muhuri amekwenda nao. Nsimire alipanda kwa miguu saa tano, akijificha kwenye migomba kila aliposikia gari. Alimkuta mzee ameketi juu ya gunia, muhuri umefungwa kwenye kitambaa ndani ya koti.

"Niliacha hata viatu," alisema Papa Philémon. "Lakini hii, hapana. Wakiipata hii, wataandika kila kitu kwa jina letu."

Wino ulikuwa umekauka. Aliudondoshea maji, akaupulizia pumzi, akagonga kwa nguvu zake zote. Mduara ulitoka hafifu, lakini ulitoka.

Nsimire aliporudi mjini, mafuta ya Dany yalikuwa yamekwisha. Waasi waliondoka, mji ukaanza kufagia vioo, lakini jenereta lilibaki kimya. Siku ya kumi na nne alikaa mbele ya mlango wa cyber tangu asubuhi, hati mapajani, mpaka Dany akamwomba aende nyumbani. Siku hiyo alilia. Alikuwa amechagua chuo kwa akili yake yote, kisha amekipoteza kwa sababu ya duara la wino.

Alituma siku ya kumi na sita, Dany alipopata mafuta. Aliambatisha hati, akaongeza mistari miwili ya ukweli: angeweza kuandika siku ya tisa, akachelewa kwa kutafuta muhuri.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Dany alilichapisha bila kuombwa, na Nsimire akalipeleka nyumbani limekunjwa, hajalisoma hadi mwisho kwa woga. Alimsomea babake kwa sauti. Monique aliandika kwamba walisikia habari za Bukavu redioni na walikuwa wakimwulizia. Siku mbili alizochelewa hawakuzihesabu; nafasi yake ilikuwa palepale, aendelee Septemba. Hati aliyotuma waliipokea kwa heshima, lakini hawakuihitaji, wala wakati mwingine asihatarishe maisha kwa ajili ya karatasi. "Neno lako, Bibi Nsimire, linatutosha."

Papa Constantin alinyoosha mkono, akaichukua karatasi. Aliigeuza upande wa pili, akaigeuza tena, akaitazama pembe zote.

"Cachet iko wapi?"

"Haiko, papa."

"Na wamekusadiki?"

"Wamenisadiki."

Mzee alisimama kwa taabu, akafungua sanduku la vyeti vya familia, na karatasi ile isiyo na muhuri akaiweka juu ya vyote.